Sura ya Nne: Usifungue Mlango Huo

Mwaka 1976, kwenye mashindano ya michezo ya mezani ya Origins nchini Marekani, wachezaji walipewa kazi iliyoonekana ya kawaida kabisa. Milimani kumezuka mazimwi yasiyojulikana. Wao, wapiga upanga, wachawi, makuhani na wezi, waende wakatafute yanakotoka. Wakaenda. Wakafika kwenye tundu ubavuni mwa mlima, wakawasha mienge, wakaingia. Ndani hawakukuta popo wala mawe yenye ukungu. Walikuta kuta za chuma, milango isiyo na bawaba, kadi za rangi mbalimbali zinazofungua vyumba, na mashine zinazotembea zenyewe. Mchezaji aliyeketi mezani alianza kushuku mapema. Mhusika wake, mtu wa deraya na ngao, hakuwa na hata jina la kuviita vitu vile. Pango lilikuwa chombo cha angani kilichoanguka zamani.

Mtunzi wa safari hiyo alikuwa Gary Gygax, na mwaka 1980 aliichapisha kwa jina la Expedition to the Barrier Peaks. Wakati kitabu kinatoka, majumba ya sinema yalikuwa yameshaonyesha jambo lile lile kinyumenyume. Katika Alien ya Ridley Scott, iliyotoka Mei 1979, wafanyakazi wa meli ya mizigo ya angani wanatua kwenye sayari yenye giza, wanaingia ndani ya chombo kigeni kilichokwama, na mmoja wao anateremshwa kwa kamba hadi shimoni. Huko anakuta mayai. Anainama kuchungulia. Gygax aliwaingiza watu wa mapanga ndani ya mashine. Scott aliwaingiza watu wa mashine ndani ya pango la zimwi.

Ukivua mapanga upande mmoja na bunduki upande wa pili, mifupa inayobaki ni ile ile: kundi dogo la watu wenye ujuzi tofauti, mahali palipofungwa penye vyumba wasivyovijua, vifaa vinavyopungua kila wanapopiga hatua, na kitu cha thamani kilichofichwa ndani kabisa. Filamu nyingi bora za mapambano na za bunilizi za kisayansi katika miaka 50 iliyopita zimesimama juu ya mifupa hiyo. Zilizoporomoka mara nyingi ziliporomoka kwa sababu waandishi wake waliyajali mazimwi wakazisahau hesabu.

Hesabu hizo zilipata kanuni Januari 1974, kampuni changa ya TSR ya mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, ilipotoa boksi lenye vijitabu vitatu vilivyoitwa Dungeons & Dragons. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Gygax alikuwa amepoteza kazi yake ya bima na alikuwa akijikimu kwa kutengeneza viatu. Mwenzake katika utunzi, Dave Arneson wa Minnesota, ndiye aliyekuja na wazo la kuwashusha wachezaji chini ya ngome, chumba baada ya chumba.

Mchezo wenyewe hauhitaji mengi. Watu wachache wanakaa mezani, kila mmoja akiwa na karatasi iliyoandikwa nguvu, silaha na mizigo ya mhusika wake. Mmoja wao ni msimulizi: ana ramani anayoificha nyuma ya kadibodi, naye huwaeleza wenzake wanachokiona. Mmesimama kwenye ukumbi; kuna milango miwili; kutoka nyuma ya ule wa kushoto inasikika sauti ya maji. Mnafanya nini? Wanajadiliana, wanaamua, na penye shaka wanarusha dadu. Hakuna filimbi ya mwisho wala mshindi wa kombe.

Arneson alisimulia mwenyewe kwamba wazo hilo lilimjia baada ya wikiendi nzima ya kutazama filamu za zamani za mazimwi kwenye televisheni, huku akisoma vitabu vya Conan na kujishindilia bisi. Kwa hiyo anayeuliza kama sinema iliiga mchezo, au mchezo uliiga sinema, atafute swali jingine. Pango la mezani lilitungwa na mtu aliyekuwa ameshiba filamu. Hata njia ya kupima majeraha ilitoka mbali na ngano za wafalme na mazimwi: Arneson aliichukua kwenye michezo ya vita vya meli za chuma, ambamo meli hupigwa mara kadhaa kabla ya kuzama. Wachezaji wake hawakupenda kumpoteza mhusika waliyemzoea kwa dadu moja, basi akawapa uhai wa kuhesabika kama ule wa manowari.

Na kabla ya wote hao palikuwa na vitabu. Wasomaji wa Kiswahili walishashuka kwenye pango la namna hii zamani sana, kupitia Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885 ambayo F. Johnson aliitafsiri na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1929. Kila kitu kimo. Kuna ramani ya kale iliyochorwa kwa damu. Kuna kundi la watu wasiofanana: Quatermain mwindaji mzoefu, Sir Henry Curtis mwenye mwili wa simba, Good ofisa wa majini, na Umbopa, mbeba mizigo ambaye kumbe ni mfalme. Kuna ajuza Gagool anayewaongoza hadi kwenye chumba cha almasi kisha akaliachia jiwe la mlango lishuke, likamponda yeye mwenyewe. Wanaume watatu wanabaki gizani na utajiri wasioweza kuula, wakihesabu viberiti. Wanaokolewa na kitu kidogo: mmoja anatambua kwamba hewa ndani ya chumba haijachacha, kwa hiyo lazima iwe inaingia mahali. Mchezaji yeyote wa Dungeons & Dragons angepiga meza kwa furaha.

Ni kitabu cha kikoloni, na doa lake limebaki kwenye ukoo mzima. Mashujaa huingia kwenye makazi ya wengine, huua waliomo, hubeba cha kubebeka, na hakuna anayewauliza wenyeji wa pango maoni yao. Hollywood ilipoirekodi riwaya hiyo mwaka 1950, ilileta kamera zake Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji, na mandhari hayo yakaipatia tuzo ya Oscar ya upigaji picha. Mwaka 1981 Indiana Jones alipoingia kwenye hekalu la Peru katika Raiders of the Lost Ark, akapima uzito wa mchanga mkononi kabla ya kubadilishana nao sanamu ya dhahabu, alikuwa mjukuu wa Quatermain aliyepitia malezi ya mitego. Mishale inatoka ukutani kwa anayekanyaga jiwe lisilofaa, kuna shimo la kuruka, na mwenzake anamgeuka dakika ya mwisho. TSR waliona undugu huo: mwaka 1984 walitoa mchezo rasmi wa Indiana Jones.

Star Wars ilikuwa imetangulia, mwaka 1977. Watu huikumbuka kwa panga za mwanga na vita vya angani, lakini katikati yake kuna safari kamili ya pango ndani ya Death Star, ngome ya maadui iliyoko angani. Luke na Han wanavaa deraya za maadui na kumpitisha Chewbacca kama mfungwa. Obi-Wan anajitenga kwenda kuzima mtambo unaoizuia meli yao. Gerezani wanampata binti mfalme, ambaye mara moja anaona kwamba waokoaji wake hawakupanga njia ya kutoka, kisha wanatumbukia kwenye shimo la taka lenye nyoka wa majini na kuta zinazosogea kuwabana. Wakitoka hapo kuna korongo lisilo na daraja, na kamba moja. Msimulizi wa mchezo akikosa la kuandaa Jumamosi jioni, aifungue sehemu hiyo na kunakili.

Alien haina binti mfalme. Ina watu saba, na jambo linalowashughulisha mezani wakishaamka ni malipo. Parker na Brett, mafundi wa injini, wanalalamika kwamba mgawo wao ni mdogo kuliko wa wengine. Meli inapokatiza safari kuchunguza ishara ya ajabu hawataki kwenda, mpaka wanapokumbushwa kwamba mkataba unasema anayekataa anapoteza mgawo wake wote. Tamaa mbele, mauti nyuma. Katika miaka ya mwanzo ya Dungeons & Dragons mhusika alipanda ngazi kwa dhahabu aliyofanikiwa kuitoa nje kuliko kwa mazimwi aliyoyaua, kwa hiyo wachezaji werevu waliepuka vita na kugombania mgawo. Scott na mwandishi wake Dan O'Bannon walijenga hofu yao juu ya msingi huo huo: watu wa kawaida wanaoingia mahali pabaya kwa sababu ya pesa.

Yanayofuata ni makosa ambayo kila mchezaji anayajua na bado huyafanya. Wanamrudisha ndani mwenzao aliyedhurika, ingawa Ripley, ofisa wa meli, amekataa kufungua mlango. Wanagawanyika. Brett anamfuata paka wa meli peke yake. Dallas, nahodha, anaingia kwenye mifereji ya hewa na tochi na silaha ya moto, huku wenzake wakimfuatilia kwenye kifaa kinachoonyesha nukta mbili zikikaribiana. Na mmoja wa kundi, Ash, alikuwa tangu mwanzo mtu wa upande mwingine. Zimwi lenyewe linaonekana kwa muda mfupi mno. Hofu inatoka kwenye mifereji, yaani kwenye ramani.

Kuna uhusiano mwingine hapa, nao una hata kesi. Mwaka 1939 A. E. van Vogt alichapisha hadithi yake Black Destroyer, kuhusu kiumbe mfano wa paka mkubwa mweusi mwenye minyiri inayotoka mabegani, anayewawinda wanaanga mmoja mmoja. Hadithi hiyo aliiunganisha na nyingine, mojawapo ikiwa na kiumbe anayetaga mayai ndani ya miili ya watu, zikawa kitabu The Voyage of the Space Beagle cha mwaka 1950. Alien ilipotoka, van Vogt aliishtaki studio ya 20th Century Fox kwa kufanana huko, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Lakini paka yule alikuwa ameshahamia kwingine. Mwaka 1975, katika kijitabu cha nyongeza cha Dungeons & Dragons kilichoitwa Greyhawk, alitokea mnyama wa umbo hilo hilo, na minyiri yake mabegani, ambaye huonekana amesimama mahali ambapo hayupo. Mzee mmoja wa bunilizi za kisayansi alilisha pande zote mbili, na ni upande mmoja tu uliopelekwa kwa wanasheria.

Filamu inayostahili kukaliwa kitako zaidi ni Aliens ya James Cameron, ya mwaka 1986. Kundi sasa ni la wanajeshi, wenye majigambo na silaha za kutosha kuangusha mji. Cameron anawapa kila mmoja kazi yake: Apone sajini, Hicks mtulivu, Hudson mwenye mdomo, Vasquez na Drake wenye bunduki kubwa, Gorman luteni asiye na uzoefu, Bishop roboti, na Burke mtu wa kampuni anayetafuta faida. Ripley anakwenda kama mshauri, mtu pekee aliyewahi kulicheza pango hili. Kisha mwongozaji anaanza kuwapokonya. Wakishafika chini ya mtambo wa nyuklia wanagundua kwamba hawawezi kufyatua risasi bila kuulipua, basi wananyang'anywa risasi. Wanashambuliwa na nusu ya kundi inapotea. Ndege yao inaanguka. Sasa wamekwama.

Hapo filamu nyingi zingeongeza milipuko. Cameron anasimamisha kila kitu na kuhesabu. Hicks anaorodhesha kilichobaki: bunduki nne zenye risasi kama 50 kila moja, maguruneti 15, silaha za moto zisizotosha. Ripley anauliza itachukua muda gani kabla ya watu wa nyumbani kutuma uokoaji. Siku 17. Hudson, kwa kilio kinachojulikana na kila shabiki, anasema hawatafikisha hata saa 17. Wanakunjua michoro ya jengo, wanajadili njia za kuingilia, wanachomelea milango. Cameron anaendesha sehemu hii kama mwenye duka na daftari lake la madeni, na mtazamaji anajua kila kilichomo dukani. Katika toleo refu kuna hata bunduki za kujiendesha zenye vioo vinavyoonyesha idadi ya risasi ikishuka kuelekea sifuri. Mazimwi hayaonekani vizuri. Tunatazama tarakimu, na tarakimu zinatosha.

Halafu kifaa cha kutambua mwendo kinaanza kulia. Mita zinapungua, zinapungua, mpaka Hudson anasoma umbali ulio ndani ya chumba walimosimama. Milango haijaguswa. Wanatazamana. Hicks anapanda juu ya kitu, anasukuma ubao wa dari, na kuna nafasi kule juu ambayo walipokuwa wakisoma michoro hakuna aliyeifikiria. Ni tukio la haki kabisa. Hakuna aliyedanganywa. Ramani ilikuwa mezani, wahusika waliiona, sisi tuliiona, na sote tulisahau dari. Wachezaji wa mezani humsamehe msimulizi mkatili, lakini hawamsamehi anayebadilisha ramani katikati ya mchezo.

Si kwamba Cameron alinakili kanuni za Gygax. Wote wawili walikuwa na tatizo moja: jinsi ya kumfanya mtu aliyeketi salama kwenye kiti aogope mlango. Jibu la mezani lilikuwa mwenge unaodumu saa moja hivi, mizigo yenye uzito, na dadu inayorushwa kila baada ya muda kuona kama kuna kitu kinapita ukumbini. Jibu la Cameron lilikuwa risasi, betri na saa.

Filamu za ngumi na bunduki zilipata somo hilo kwa njia ya majengo. Die Hard ya John McTiernan, ya mwaka 1988, inamfungia polisi mmoja, John McClane, ndani ya ghorofa refu la Los Angeles pamoja na genge la wezi wanaojifanya magaidi. Hazina ipo: hati za thamani ya dola milioni 640, kwenye kasha lenye vizuizi saba. Mlinzi wa pango ni Hans Gruber, mwizi mwenye suti nzuri. McClane anaanza hana hata viatu, na kuanzia hapo anafanya kile ambacho kila mchezaji wa Dungeons & Dragons hukifanya bila haya, yaani kupekua maiti. Kwa wa kwanza anapata bunduki na redio. Anajaribu na viatu, ila marehemu ana miguu midogo. Kwa mwingine anapata mkoba wenye baruti na viwashio, ambavyo Gruber anavihitaji kweli kweli, na sasa mzigo wa begani unaendesha hadithi. Majina anayoyasikia anajiandikia mkononi kwa kalamu.

Uhai wake nao unahesabika. Mashujaa waliomtangulia miaka ile walipigwa risasi wakafunga kitambaa, wakaendelea. McClane anapungua mbele ya macho yetu: fulana inachafuka, inachanika, nyayo zinakatwa na vioo, na mwishoni anachechemea na risasi mbili. Mwaka mmoja kabla, katika Predator, McTiernan huyo huyo alikuwa amechukua kikosi cha makomandoo wenye misuli na kukimaliza mmoja mmoja msituni, mpaka Schwarzenegger akabaki na matope, kamba na mikuki ya miti. Kumvua shujaa vifaa ni ufundi ambao McTiernan aliuelewa kuliko wenzake wengi.

Pango linaweza kwenda juu pia. Bruce Lee aliliona hilo kabla boksi la Gygax halijatoka: mwaka 1972 alianza kupiga picha za Game of Death, ambamo shujaa hupanda mnara wenye mlinzi mpya kila ghorofa, kila mmoja na mtindo wake wa mapigano, na karibu na kilele anamsubiri Kareem Abdul-Jabbar, mchezaji wa mpira wa kikapu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Lee alifariki Julai 1973 kabla ya kuimaliza. Iliyotolewa mwaka 1978 imeungwaungwa na waigizaji mbadala, lakini sehemu ya mnara bado inasisimua.

Watoto wawili wa mnara huo walizaliwa karibu wakati mmoja. The Raid, ya Gareth Evans, Mwelsi aliyekuwa akifanya kazi Indonesia, ilionyeshwa mwaka 2011: kikosi cha polisi kinaingia kwenye jengo la makazi mjini Jakarta linalotawaliwa na mkuu wa dawa za kulevya. Mkuu huyo anatangaza kwa kipaza sauti kwamba watakaowaua wageni wataishi bila kulipa kodi, na kila mlango wa ukumbini unageuka tishio. Kuna dakika moja ambapo Rama, mmoja wa polisi hao, aliyejificha nyuma ya ukuta mwembamba, anachomwa shavuni na panga la mtu anayepapasa upande wa pili; inambidi aufute ubapa kwa utaratibu unapochomolewa, ili usitoke na damu. Dredd, iliyotoka mwaka 2012 lakini ikaanza kupigwa picha Afrika Kusini tangu 2010, ina jengo la ghorofa 200, malkia wa uhalifu juu kabisa, na milango ya chuma inayojifunga. Wengi walidhani moja imeiiba nyingine, na kalenda inawakatalia. Dredd ndiyo iliyo karibu zaidi na karatasi ya mchezaji: mpiga vita mwenye deraya na binti anayesoma mawazo ya watu, yaani askari na mchawi, na bastola ya askari ina aina kadhaa za risasi anazoziita kwa sauti, moja ya moto, nyingine ya kulipuka, kila aina na idadi yake, kama uganga unaokwisha kwa siku.

Cube ya Vincenzo Natali, ya Kanada, 1997, haihitaji mengi kuelezwa. Watu wanaamka ndani ya vyumba vya mraba visivyo na mwisho, vingine vikiwa na mitego ya kuua. Wanavua buti, wanalifunga kwa kamba, wanalirusha chumba kinachofuata kabla ya kuingia. Wachezaji wa kale walibeba fimbo ndefu kwa kazi hiyo hiyo. Karibu filamu nzima ilirekodiwa kwenye seti ya chumba kimoja, taa zikibadilishwa rangi.

Safari ya kurudi, kutoka mezani kwenda kwenye skrini, inaonekana wazi zaidi kwa John Carmack na John Romero. Vijana hao wa kampuni ya id Software walikuwa na mchezo wao wa Dungeons & Dragons ambao ulikwisha vibaya: Romero alifanya biashara na mashetani ili apate upanga, na mashetani wakaimeza dunia yote aliyoibuni Carmack. Walipoanza kutengeneza mchezo mpya wa kompyuta walichanganya mashetani hao na Aliens ya Cameron. Matokeo yake ni Doom, Desemba 1993: mwanajeshi kwenye kituo cha angani, kumbi za chuma, milango ya kadi za rangi kama ile ya Gygax, na mashetani. Mwaka 2005 Doom ikafanywa filamu, mbovu, isipokuwa dakika chache zinazoonekana kwa macho ya mhusika. Mmoja wa waigizaji wake, Karl Urban, ndiye aliyekuja kuvaa kofia ya Dredd.

Vin Diesel hakuona haja ya kuzunguka. Amecheza Dungeons & Dragons kwa miongo kadhaa, aliandika dibaji ya kitabu cha kuadhimisha miaka 30 ya mchezo huo, na The Last Witch Hunter ya mwaka 2015 ilizaliwa na mhusika aliyekuwa akimcheza mezani.

Ajabu ni kwamba filamu iliyobeba jina lenyewe ndiyo iliyoshindwa. Dungeons & Dragons ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Courtney Solomon, ilikuwa na majoka angani kwa makundi, Jeremy Irons akipaza sauti kila anapoonekana, na hakuna hata chumba kimoja ambacho mtazamaji alijua ukubwa wake. Mitego ilitokea na kupita bila mtu kufikiri. Iliingiza hasara, na ilistahili. Honor Among Thieves ya John Francis Daley na Jonathan Goldstein, mwaka 2023, ilielewa kwamba raha ya mchezo ni mpango unaoharibika. Kuna daraja la kale ambalo mpiganaji mtakatifu anaeleza kwa kirefu kanuni za kulivuka, hatua kwa hatua. Kabla hajamaliza, mmoja wao anakanyaga mahali na daraja lote linaporomoka. Kimya. Halafu mtu anatambua kwamba wamebeba fimbo ambayo huenda inaweza kuwavusha. Ndani ya uwanja wa mafumbo wa filamu hiyo anapita pia yule paka mweusi wa van Vogt.

Watazamaji wa Afrika Mashariki waliokulia kwenye vibanda vya video wana faida moja katika mjadala huu. Wao walizoea kuwa na msimulizi chumbani. Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, Kenya yupo DJ Afro, na Uganda wapo mavijee wengi: mtu mwenye kipaza sauti anayeisimulia filamu ya kigeni kwa lugha ya wenyeji, anayemuonya steringi asifungue mlango, anayempa adui jina jipya, anayejaza kimya kwa maneno yake. Kazi yake iko karibu mno na ya yule aliyekaa nyuma ya kadibodi na ramani, tofauti ikiwa kwamba steringi wa kwenye skrini hasikii ushauri.

Kati ya filamu zote zilizopita hapa, Aliens bado ndiyo bora, na sababu ni hesabu kuliko zimwi, ingawa malkia wake ni mmoja wa viumbe waliotengenezwa vizuri kuliko wote wa enzi zile. The Raid inafuata kwa karibu. Msomaji mwenye nafasi aitafute Aliens katika toleo refu la dakika 154, achukue karatasi na kalamu, na aandike kila kitu ambacho kundi linacho baada ya ndege yao kuanguka: watu, risasi, milango, saa. Akate kila kinachotumika. Atakuta kwamba Cameron hakuongeza hata risasi moja ya bure.